Fyuzi Iliyomchongea Baba wa Ubatizo

Nisiseme uongo: wiki ile nilitaka kumpiga shemeji yangu kwa samaki aliyeganda. Ni mdogo wa mume wangu, mtu mzima mwenye ndevu, anakula kwangu, analala sebuleni kwangu, na ndiye tuliyemchagua awe baba wa ubatizo wa mtoto wangu. Ubatizo ulikuwa Jumapili. Kuku na samaki wote wa karamu walikuwa ndani ya friza. Friza ikizimika, wageni watakula sombe tupu, majani ya muhogo, na ukoo wa mume wangu utanisema mpaka huyo mtoto aoe.

Ukikaa Dilala, hapa Kolwezi, kwenye hizi nyumba za zamani za kampuni, unaujua umeme wetu. Migodi inakunywa, sisi tunalamba sufuria. Asubuhi taa ni nyekundu kama jicho la mlevi. Mchana umeme unaruka juu, unaua televisheni. Ndiyo maana friza yangu inapitia kwenye regulateri, kisanduku cha kusawazisha umeme. Nyuma yake kuna fyuzi, huku tunaiita fizibli, kibomba cha kioo chenye uzi mwembamba ndani. Umeme ukizidi, uzi unakatika na vitu vyako vinapona.

Basi fyuzi ikafa. Nikaweka nyingine, nayo ikafa. Nikiwa nje nafua nepi, shemeji akajitia ufundi. Niliporudi ndani, friza ilikuwa inanguruma, yeye amesimama mbele yake anatabasamu.

"Mama, nimetengeneza. Hii haitakufa tena."

Nikachungulia. Pahali pa fyuzi ameingiza waya wa shaba, mnene kama njiti ya kiberiti.

"Nani alikuambia uweke hii?"

"Shiye ni bantu ba shaba, mama. Fizibli ya dukani ni ya bale banakosa shaba."

Eti sisi ni watu wa shaba: hicho ndicho kiburi cha Kolwezi. Fyuzi ikiungua, mtu anachuna waya, anaweka shaba, anapiga kifua. Shaba haiungui, kweli. Kinachoungua ni nyumba. Kesho yake nikasikia harufu ya plastiki. Prizi, tundu la umeme ukutani, ilikuwa ya moto, imeanza kuwa nyeusi pembeni, na mtoto wangu, ambaye ndiyo kwanza amejua kutambaa, alikuwa anaifuata kama ameitwa kula. Damu ikanipanda. Nikampigia mume wangu, yuko kazini Kingamyambo.

"Muache, mama. Anasaidia."

Anamsaidia nani? Shetani?

Mimi nilimaliza sekondari, lakini hesabu hii haidai diploma. Geuza friza, soma kibao chake cha nyuma: wati mia mbili. Gawa kwa volti mia mbili na ishirini: haifiki hata ampea moja. Ila mota inapoamka inavuta kwa nguvu, kama mtu anayesukuma gari bovu, kwa hiyo unaiachia nafasi. Nikapanda pikipiki mpaka sokoni Manika, nikaomba fyuzi za ampea tatu, zile zinazovumilia mota. Muuzaji akaninyooshea za thelathini.

"Beba hii, mama. Iko na nguvu."

"Tata, haiko bwana wa kunioa njo natafuta. Ni fizibli. Unipe ya kufa mapema."

Nyumbani nikachomoa regulateri kwanza, nikang'oa ule waya, nikaweka fyuzi yangu. Sikumwambia mtu. Maana friza peke yake haiui fyuzi mbili mfululizo. Kulikuwa na mkono wa mtu. Kipande kirefu cha waya alichobakiza nikakikunja bangili, nikaificha.

Jumapili asubuhi, namvalisha mtoto nguo nyeupe, pikipiki zinapiga honi nje, friza ikanyamaza. Nikakimbilia sebuleni.

Shemeji yuko hapo: shati, tai, soksi, chupi. Pasi mkononi, suruali mezani. Waya wa pasi umeingia wapi? Kwenye regulateri yangu.

"Kumbe njo weye ulikuwa unaua fizibli yangu!"

"Mama, kwa ukuta umeme iko kidogo, pasi haipate moto. Kwa regulateri iko muzuri."

Pasi yake inakula wati elfu moja na mia mbili, yaani zaidi ya ampea tano. Fyuzi yangu ya ampea tatu ilivumilia kidogo, halafu ikafa ikimtaja jina. Shaba yake ingenyamaza tu, ikaacha ukuta uwake. Nikamnyang'anya pasi, nikaifungia chumbani, nikaweka fyuzi ya akiba. Friza ikakohoa, ikanguruma.

"Mama, unirudishie pasi! Nimenyoosha muguu mumoja tu!"

"Ule mwingine unyooshe na shaba."

Tukiwa mlangoni nikamvisha bangili. "Baba wa ubatizo, zawadi yako. Shiye ni bantu ba shaba." Mama mkwe akaisifu, eti ni nzuri.

Kanisani alisimama mbele ya watu wote na mtoto wangu mikononi, mguu mmoja wa suruali umenyooka kama kisu, mwingine kama jani la muhogo lililotoka kinuni. Padri akauliza, "Unamkataa Shetani?"

"Namkataa."

"Na kazi zake zote?"

Nilikuwa nyuma yake kabisa. Nikanong'ona, "Na pasi kwenye regulateri?"

Akaangalia bangili, akaangalia ule mguu wa majani.

"Nazikataa," akasema, kwa sauti ya mtu aliyeokoka kweli.