Choroko Zinazojinywesha Zenyewe

Kila asubuhi, kabla hajasema na mtu, Dada Choroko alitumbukiza mkono kwenye ndoo ya choroko. Choroko zinapochipua hupata joto kama mtoto mwenye homa, na joto lile yeye alilijua kwa ngozi. Likizidi, zitaoza kabla ya mchana. Akishatoa mkono na kuufuta kwenye kanga, ndipo alipomwamkia baba yake, ambaye muda wote huo alikuwa amekaa na kikombe chake, kama mtu anayengoja mwenye duka ammalize mteja wa mbele.

Jina hilo alipewa na watu wa mtaa. Kazi yenyewe ilikuwa ya mama yake, aliyekuwa akiotesha choroko na kuzipeleka mbichi kwa mpishi wa mkahawa wa karibu na kituo cha basi. Mama alipofariki, binti alikuwa na miaka kumi na saba, na chini ya mto wake kulikuwa na barua ya chuo cha ufundi bomba. Aliikunja ile barua, akaishika ndoo. Ingekuwaje tena? Baba alikuwa bado anashinda ghalani akifunga magunia, mdogo wake wa kiume yuko shule, na choroko hazingoji mtu. Zinataka maji kila baada ya saa tatu, tena maji ya kupita tu, yasituame. Basi miaka tisa ikaenda hivyo, saa tatu tatu. Hakuna harusi aliyoiona mwisho wake. Hata msibani alikuwa wa kwanza kuaga, na wanawake wenzake wakamtania kwamba huko nyumbani ameficha kichanga.

Mwaka huu, bila kumwambia mtu, aliomba tena chuo. Wakamkubali. Barua alimsomea baba yake mezani.

"Miaka miwili?" baba aliuliza.

"Miwili. Nitalala hukohuko bwenini."

"Na choroko?"

"Atazimwagilia huyu."

Baba akamtazama mdogo mtu, ambaye sasa alikuwa kinyozi wa mtaani. "Huyu? Huyu akiwa na kiu mwenyewe mpaka akumbushwe."

"Wateja wangu nawakumbuka, baba," kinyozi akasema. "Hizo choroko hazina nywele, nitazikumbukia wapi?"

Walicheka wote watatu. Baba ndiye aliyeacha kwanza. Akazungusha kikombe mezani, akasema polepole, "Wewe si unasema ni fundi? Tengeneza kitu cha kuzinywesha. Zikikaa siku tatu bila mkono wako na zikawa nzima, nenda, mwanangu. Sitasema neno."

Kwa neno hilo moja, Dada Choroko hakupata usingizi kwa furaha.

Alianza na vilivyomo ndani. Ndoo ya rangi aliyoisugua kwa mchanga, akaitoboa matundu kitakoni kwa msumari wa moto. Hiyo ndiyo ya choroko. Juu yake akaweka sahani ya plastiki iliyotobolewa vidogovidogo, ili maji yanyeshe, yasimwagike sehemu moja. Chini beseni, la kupokea yaliyopita. Juu kabisa, kwenye rafu, ndoo nyingine ya maji safi. Nesi wa nyumba ya pili akampa mpira wa dripu ambao haujatumika, ule wenye kigurudumu cha kupunguzia matone. Matone yakawa yanadondokea kwenye kopo la maziwa, na ndani ya kopo akapitisha mrija uliokunjwa kama kiwiko, nusu ndani, nusu nje. Kopo likijaa mpaka juu ya kile kiwiko, mrija unavuta maji yote kwa mkupuo, kopo linabaki tupu, na kujaa kunaanza upya.

Hivyo ndivyo ilivyotakiwa. Mara ya kwanza mrija ulikuwa mnene mno, maji yakawa yanachuruzika tu tone kwa tone, hayavutwi. Zikaoza choroko za siku mbili. Akatafuta mrija mwembamba, akaziba tundu kwa nta ya mshumaa, akakaa kwenye kigoda kuangalia kopo likijaa. Saa ya tatu ilipotimia, kopo likaguna, likameza, na mvua ndogo ikanyesha juu ya choroko. Alifunika mdomo kwa kiganja. Alikuwa analia.

Kinyozi akaja kuangalia. "Kumbe umejipatia mume. Anaamka kila saa tatu na haombi chakula."

Kuanzia hapo mtambo ukaitwa Shemeji. Maji yakiguna, kinyozi alisema, "Shemeji ameamka." Na baba? Baba ndiye aliyewaita majirani waje kuona. Alisimama kando ya rafu, mikono nyuma, akieleza mambo ya mrija kana kwamba kichwa kilichoyafikiri ni chake. "Huyu binti yangu," alimwambia nesi, "angezaliwa mwanamume angejenga bwawa." Nesi akamjibu kwamba bwawa halina habari na mwanamume, na baba akakubali. Dada Choroko aliyasikia yote akiwa uani. Hajawahi kusifiwa hivyo tangu azaliwe.

Siku ya jaribio, baba alimwambia aende akalale kwa shangazi yake. "Ukibaki hapa utaingiza mkono. Nakujua." Akaenda. Huko alikuwa akishtuka kila baada ya saa tatu, anakumbuka, anakaa tena. Shangazi alimpa maharage achambue, walau vidole vipate kazi.

Siku ya tatu mchana alirudi. Harufu ilimpokea mlangoni. Hakuhitaji kufunua kitambaa cheusi kilichozikinga choroko na mwanga, lakini alikifunua. Choroko zilikuwa zimenyauka juu, na katikati zimegeuka uji wa njano.

"Pole, mama," baba alisema akiwa kitini. "Chombo hakina macho. Hujui siku gani kitalala."

"Nilishangaa Shemeji yuko kimya," kinyozi akasema. "Baba akasema mwache, hataki kuguswa na mtu."

 Dada Choroko alijilaumu yeye: labda nta, labda kigurudumu. Alianza kufumua kitu kimoja kimoja. Kopo kavu. Mrija mzima. Ndoo ya juu imejaa vilevile alivyoiacha. Akapitisha vidole kwenye mpira wa dripu, nyuma ya rafu pasipoonekana, na hapo vidole vikasimama.

Palikuwa na fundo. Fundo la magunia, lenye kitanzi pembeni, ambalo ukivuta mara moja linafunguka lote. Mikono iliyofunga magunia miaka thelathini haijui fundo lingine. Kwenye kamba ya katani lingefunguka. Kwenye mpira laini lilikuwa limeuma, limejizamisha, na kitanzi kimevutwa na kuvutwa mpaka kimekuwa cheupe.

Akauvuta mpira mbele, fundo likaonekana.

"Baba," alisema, hakupandisha sauti. "Mpira haufunguki kama kamba."

Kinyozi akatazama huyu, akatazama yule, akatoka uani.

"Nilitaka saa chache tu," baba alisema. "Zinyauke kidogo, halafu nifungue. Likakataa. Nimelivuta siku mbili, hata kwa meno."

"Ungeniambia nisiende."

"Ungebaki?"

"Ningebaki," alisema. "Ungesema tu, baba, naogopa kubaki peke yangu. Ningebaki."

Baba alifungua mdomo, ikawa kama anataka kulisema sasa. Dada Choroko akatikisa kichwa, taratibu, kama unavyomzuia mgonjwa asiinuke.

Alikata kipande chenye fundo kwa kisu. Akachukua kalamu iliyokwisha wino, akatoa utumbo wake, na kwa ganda lile akaziunganisha ncha mbili za mpira. Akaosha ndoo, akaloweka choroko nyingine.

"Jioni zikishavimba, mdogo wangu azimwage hapa. Ndoo ya juu unaijaza asubuhi na jioni. Kigurudumu usikiguse."

"Asubuhi na jioni," baba akarudia, kama mtoto darasani. "Nisikiguse."

"Mtambo ni mzima. Hautaki kingine."

Nguo alizitia kwenye mfuko mmoja. Alipotokea sebuleni baba alikuwa amesimama, hajui mikono aiweke wapi. Baba akampa mkono, na Dada Choroko akaushika kwa mikono yote miwili, akauachia.

"Likizo utakuja?"

"Baki salama, baba."

Nje jua lilikuwa kali. Kinyozi alitaka kumpokea mfuko, akamwambia aache, choroko zinamngoja jioni. Akavuka mtaro, akauhamishia mfuko bega la pili, akapita nyumba ya nesi bila kugeuka, akakata kona ya duka la mkaa. Chuo kilikuwa na likizo nne katika miaka ile miwili, kisha kikaisha. Hakurudi.