Wakwe Kutoka Singida

Nichekeni tu, maana hata mimi nikikumbuka najifunika khanga usoni. Binti yangu Neema, anayefanya kazi Dodoma, alinipigia simu: “Mama, wazazi wa Ramadhani wanatoka Singida Jumamosi kuleta posa.”

Niliposikia jina la mchumba sikuuliza zaidi. Sisi ni Walutheri wa hapa Sakina, lakini sikutaka mwanangu akose mume kwa sababu yetu. Nikaondoa picha ya Yesu ukutani, nikamwomba jirani yetu Mzee Hamisi atuchinjie mbuzi, na mume wangu nikamvalisha kanzu ya kuazima iliyomwishia magotini.

Wageni walifika wamejikunyata ndani ya makoti kwa baridi. Nikawapokea kwa sauti kubwa: “Asalaam aleikum, karibuni!”

Baba yake Ramadhani alisita mlangoni. Akafungua koti taratibu, nikaona kola nyeupe ya uchungaji shingoni. Kumbe kwao Singida hata Wakristo huitwa Ramadhani!

“Samahani, mama,” akasema. “Ramadhani alituelekeza kwa Walutheri wenzetu. Nadhani tumekosea nyumba.”

Wakageuka kuondoka. Mume wangu akawakimbilia hadi getini na kanzu yake, akipiga kelele: “Bwana asifiwe, mchungaji! Bwana asifiwe!”