Amplifaya ya Masikio ya Nyanya

Juzi nilimtembelea mama, nikamkuta anachemsha maji ya ugali kwenye sufuria ile ile ya zamani, ameifunika kwa sahani ya bati. Kifuniko chake hakipo. Kilikatwa kwa msumeno nikiwa darasa la saba, na mimi ndiye niliyekishikilia kisicheze. Nilisimama mlangoni machozi yananitoka, mama akadhani ni moshi wa jiko.

Ngoja nikueleze, maana kitu hiki sijamweleza mtu.

Tulikaa Makongeni, kwenye nyumba za reli, chumba kimoja kilichogawanywa kwa pazia. Baba alikuwa fundi wa simu za reli, mpaka miaka ile ya tisini walipopunguza watu na yeye akapunguzwa. Tangu hapo alikuwa akitoka alfajiri kwenda kusimama kwenye mageti ya viwanda kule Industrial Area, na siku nyingi alirudi vile alivyokwenda. Nyanya, mama yake baba, alikuwa amekuja kutoka magharibi kutibiwa presha, akabaki nasi. Yeye ndiye aliyekuja na ile sufuria. Alikuwa mkali, tena mcheshi, na masikio yake yalikuwa yanakufa. Ukitaka akusikie ulilazimika kuweka mdomo sikioni na kupiga kelele, halafu majirani wote wakajua anaulizwa kama anataka chai.

Na masikio hayo yalikuwa na kazi moja kubwa. Kila jioni redio ilisoma matangazo ya vifo kwa lugha ya kwetu. Wewe uliyezaliwa na simu mkononi hutaelewa. Barua ilichukua wiki mbili, simu ilikuwa ya wenye nazo, kwa hiyo redio ndiyo iliyojua nani amekufa. Saa ile ikifika, ploti yetu yote ilinyamaza, omena, dagaa wetu wa ziwani, ikaepuliwa jikoni, watoto tukafinywa tusicheke. Mtangazaji alimtaja marehemu, kisha watoto wake, kisha ndugu zake na mahali wanapokaa, mmoja mmoja. Nyanya alikuwa na dada mmoja tu aliyebaki duniani, na dada huyo alikuwa mgonjwa kitandani kule kwetu.

Utauliza, si mngemsikilizia? Hapana. Zamani walimficha kifo cha kitinda mimba wake. Walimwambia kijana amelazwa hospitalini, kumbe kaburi limeshaota nyasi. Toka siku hiyo aliapa: "Kifo sitaambiwa na mtu tena. Nitakisikia mwenyewe." Basi alikuwa akiibana redio sikioni, halafu anatukazia macho usoni, kila mmoja wetu. "Mbona mnatafuna maneno? Wamesema nani?" Tukimwambia hakuna wetu, hakuamini. Alilia kwa hasira, na mimi nilikuwa nikitoka nje kwa sababu sikuweza kumtazama.

Siku moja baba akasema, "Nitamtengenezea amplifaya, mashine ya kuikuza sauti ya redio." Mama akamtazama kama mtu aliyesema atajenga meli.

Lakini baba alikuwa fundi, bwana! Spika kubwa tulipewa na jirani muuza mitumba, kutoka kabati la muziki lililoliwa na panya. Transfoma aliitoa kwenye redio iliyokufa, akainusa kwanza. Iliyoungua hunuka, alisema, hata ikipakwa rangi. Kapasita alizikataa zote zilizokuwa zimevimba kichwani. Kila jioni alinikalisha pale mezani, mimi msichana, akinifundisha kuchagua. "Kitu kizuri kina uzito. Usidanganywe na mng'ao." Harufu ya risasi ya kulehemu inayoyeyuka, ikichanganyika na ya sukuma wiki, ndiyo harufu ya mwaka ule. Tulipokosa bati la kupooza transista zisichemke, Nyanya mwenyewe alileta kifuniko cha sufuria yake. "Kateni," alisema. "Ugali utafunikwa na sahani."

Zilibaki transista mbili za mwisho, zile za kopo la chuma, zinazobeba sauti yote. Hapo barua ikafika: dada yake Nyanya hali chakula tena, anameza maji tu. Baba alikuwa amepata kibarua siku hiyo na hangeweza kukiacha, kwa hiyo alinituma mimi kwa fundi wa kibanda kule sokoni. Aliniambia mara tatu: "Chukua zilizochomolewa kwenye mashine kubwa. Zina miguu mifupi, zina mabaki ya risasi. Hizo zimeshafanya kazi, hazitakudanganya."

Fundi alinimwagia zote mezani. "Sasa, siste, chagua mwenyewe." Za miguu mifupi zilikuwepo, chafu, zimekwaruzwa. Na kando yake kulikuwa na mpya, zinang'aa, maandishi yake meupe safi. Nilizishika. Zilikuwa nyepesi, nilijua ni nyepesi! Lakini kila kitu cha Nyanya kilikuwa kikuukuu: leso yake, viatu vyake, hata meno. Nikasema angalau hiki kimoja kiwe kipya. Nikachukua zinazong'aa.

Jioni baba alizipima kwa kiganja muda mrefu. Akanitazama, akaitazama barua, akawasha chuma chake cha kulehemu. Afadhali angenichapa.

Na ikaimba! Siku mbili nzima iliimba. Nyanya alikaa mbele ya spika, mikono magotini, uso umefunguka. "Kumbe huyu mtangazaji ana mafua!" alisema, akacheka mpaka akakohoa. Alisikia vifo vya watu asiowajua, akawalilia kila mmoja kwa haki yake. Jioni alitushukuru, akaacha kutukazia macho. Sijawahi kuwa na furaha kama ile.

Siku ya tatu, katikati ya matangazo, spika ilikoroma. Kifuniko kilikuwa kimechemka hata hakishikiki. Transista moja ilitoa moshi, na sauti ikakatika. Baba akachomoa waya upesi, redio ikarudi kwenye sauti yake nyembamba, na sauti hiyo ikasoma jina la dada. Ikasoma watoto wake. Kisha ikasoma jina la Nyanya, kamili, wa Makongeni, Nairobi. Nchi nzima ilimsikia akitajwa, na yeye ameketi hapo hapo, ameinama mbele ya spika, anatupungia mkono: "Washeni! Washeni!"

Baba akaweka mdomo sikioni mwake. "Imeharibika, mama. Hakuna wetu leo."

Nisimlaumu. Kwetu msiba hausemwi jioni kwa mtu mwenye presha. Unasubiri asubuhi, anywe uji kwanza, kina mama wa kanisa waje wamzunguke. Ndivyo alivyotaka kufanya. Lakini Nyanya alipowaona asubuhi wakiingia kwa mstari, leso kiunoni, hakuhitaji kuambiwa. Hakuwatazama hao. Alinitazama mimi.

"Jana mlisikia?"

Niliitikia kwa kichwa.

"Na mimi walinisoma?"

Nikaweka mdomo sikioni mwake nikamsomea lile tangazo lote, kama nilivyolishika, kwa sauti ya juu kabisa. Akasema, "Sikusikia. Tena." Nikasoma tena. "Tena." Nilisoma mpaka sauti ikanikauka, kina mama wanalia, baba amegeukia ukuta. Akaondoa sikio lake mdomoni mwangu, taratibu, akasema, "Basi, mjukuu wangu. Inatosha."

Baada ya kutoka matangani hakuomba tena redio. Jioni ikifika aligeuza kiti akatazama mlango. Mwaka uliofuata tukamtangaza yeye, na mimi niliketi mbele ya redio peke yangu nikasikiliza majina yetu yote.

Sasa baba naye hayupo, na vifo vinatufikia kwa simu, na picha ya mshumaa. Hakuna ploti inayonyamaza tena. Nikiweza kurudishiwa dakika moja ya utoto wangu, sitaki pipi wala mchezo. Nirudishwe mbele ya meza ya yule fundi, nichukue zile chafu.

"Si uninunulie kifuniko, wewe mwenye mshahara," mama alisema juzi, akigeuza ugali.

Nikamwambia sahani inatosha.