Kabari Chini ya Mzee

Wasichana wengine huposwa kwa uzuri wao, wengine kwa mkono wao jikoni. Mimi niliposwa kwa sababu ya sheria ya usalama kazini, na nikakaribia kukosa mume kwa sababu ya nyingine. Enzi hizo za Zaïre nilikuwa karani wa kuhesabu mizigo katika depo moja kando ya ziwa, Bukavu, msichana pekee kati ya wachukuzi na mashofere. Sheria zilipakwa ukutani kwa rangi nyekundu. Lori likisharudi nyuma hadi kwenye jukwaa la kupakulia, shofere azime injini na amkabidhi karani ufunguo. Kabari ya mti iwekwe mbele ya gurudumu, maana uwanja wetu uliteremka moja kwa moja kuelekea majini. Na mtu asiye na kazi asivuke mstari mweupe.

Shofere mmoja wa njia ya Luhwindja, kule milimani, aliipenda mno ile sheria ya ufunguo. Wenzake walinirushia tu. Yeye alinyoosha mkono taratibu, halafu hakuuachia ufunguo, tukabaki tumeushika wote wawili kama watu wanaogombea kijiko, wachukuzi wakipiga miluzi. Nilirudi nyumbani nikicheka peke yangu njiani, hata mama akaniuliza nimekula nini.

Ikapangwa Jumamosi moja wazee wake wateremke kuja kujitambulisha kwa baba yangu, mtaani Nyalukemba. Kwetu jambo hilo halina mchezo. Wazee wa mwanaume hawamwoni msichana mpaka aitwe sebuleni, amefungwa kitenge, macho chini. Wakimkuta kabla ya hapo, tena anapiga kelele barabarani, wanaweza kubeba pombe yao na kurudi nayo walikotoka. Nilikuwa nimeomba ruhusa ya kutoka mapema, lakini salongo, ile kazi ya lazima ya kufagia mji, ilituchelewesha sote. Lori la mpenzi wangu likaingia nikiwa bado kazini. Lilikuwa limejaa magunia ya maharage, na juu ya magunia walikaa wazee wa ukoo, mbuzi mmoja, na madumu ya kasiksi, pombe yetu ya ndizi.

Nilijifunga kitambaa mpaka puani, nikajibanza nyuma ya mzani. Shofere akaniletea ufunguo kwa kunyata.

"Usijionyeshe," akaninong'oneza. "Ule wa abakosti, njo papa yangu."

Nilicheka mpaka mbavu zikauma. Furaha ilinipanda kichwani kabisa.

Huyo mzee, baba yake, alikuwa amevaa abakosti mpya, suti ya zama zile isiyo na tai, bado ina mikunjo ya dukani. Wachukuzi walikwisha kuanza kupita juu ya ubao uliounganisha lori na jukwaa, magunia mgongoni. Mzee akatafuta pa kukaa. Mtu mzima hakai chini, sembuse na abakosti. Akaona kipande kizuri cha mti mbele ya gurudumu, akakigonga kwa fimbo mpaka kikatoka, akakiweka kivulini, mbele ya pua ya lori, akakikalia. Wazee wenzake wakamsifu kwa akili yake.

Wachukuzi waliona. Mwanawe aliona, akiwa juu ya magunia, akafungua mdomo na kuufunga. Nani amwinue mzee kwenye kiti? Breki ikalia kidogo. Ubao ukasogea, na mchukuzi aliyekuwa katikati yake akasimama na gunia lake, hathubutu kwenda mbele wala kurudi.

Nilijua nikitoka pale nyuma ya mzani ndoa yangu imekwisha. Nikatoka mbio.

"Papa, simama."

"Mutoto, miye niko napumuzika."

"Iyi haiko kiti. Utoke mbele ya motokari."

Hakusogea. Nikamshika kwapani, nikamnyanyua na abakosti yake, nikaisukuma kabari kwa mguu mpaka mahali pake. Lori likaiegemea, likatulia. Kitambaa changu kilikuwa kimeanguka zamani.

"Weye uko binti ya nani?" mzee akauliza.

"Bazee bote, nyuma ya mustari," nikasema. "Na mbuzi."

Wachukuzi walicheka hadi mmoja akakaa juu ya maharage. Mimi nilipanda kilima mbio, nikilia na kucheka kwa pamoja. Nilipomweleza mama, alisema tu kwamba mdomo huponza kichwa, akanifunga kitenge.

Alasiri nikaitwa sebuleni. Niliingia macho chini, shangazi amenishika mkono. Niliogopa kweli. Nilimpenda yule shofere, na neno moja la baba yake lingetosha kunimaliza.

"Inua kichwa," mzee akasema.

Nikainua. Akanitazama, akamgeukia baba.

"Huyu alinitoa ku kiti mbele ya batu."

Uso wa baba ulikauka. Shofere wangu, aliyekaa karibu na mlango, alifumba macho.

"Kwetu, ku shimo ya zahabu," mzee akaendelea polepole, "bazee tulikuwa tunakaa pale juu, ku mukingo, tunakunywa pombe. Udongo ikaanza kupasuka. Bavijana beko chini, banaona. Hakuna mutu alisubutu kutuambia tusimame." Akamwonyesha mwanawe kwa kidevu. "Kaka mukubwa ya huyu alibakia mule, chini ya udongo. Muzee mwenzangu, miye naomba huyu mutoto."

Kisha baba akakohoa, akanigeukia kama desturi inavyotaka, akaanza kuniuliza kama pombe ya watu hawa inywewe. Nilisema ndiyo kabla hajamaliza. Shangazi akanifinya paja, na mzee akawa wa kwanza kucheka.