Nyumba ya Mia Tatu

Ukitaka mtu wa kukusafishia nyumba kule Meknes, mji wa Moroko, unakwenda Maukafu. Ni pale chini ya ukuta wa zamani, karibu na lango, ambapo wanawake husimama tangu asubuhi, kila mmoja amejifunga jalaba yake, lile joho refu lenye kofia, ndoo ameigeuza kiti, na kwenye mfuko kuna viatu vya mpira na gauni la kazi. Mwenye shida anasimamisha gari, anashusha kioo, na hapo vita vya bei vinaanza.

Jemadari wa vita hivyo alikuwa Mahjuba. Mfupi, mpana, miaka hamsini na kitu, na ile sauti yake, jamani! Mwenye gari akitaja bei ya kitoto, Mahjuba aliguta mpaka wauza mikate ng'ambo ya barabara wakageuka. "Mia na hamsini, bibie! Chini ya hapo kaoshe mwenyewe, mikono unayo!" Wenzake wakisikia hivyo wanajua bei ya siku ndiyo hiyo, hakuna wa kushuka. Siku asiyokuja, basi tena. Kila mmoja anaogopa kurudi kwake mikono mitupu, wanaanza kukatana bei wao kwa wao, na matajiri wanaokota watu kwa themanini.

Msije mkadhani bei ilikuwa moja. Nyumba ya madirisha mengi, ongeza. Mama mwenye nyumba anayekufuata nyuma akipitisha kidole kwenye makabati, ongeza sana, maana hiyo siyo kazi, ni adhabu. Bwana yuko peke yake nyumbani, hata akikupa dhahabu usiende. Wiki ya kuelekea Ramadhani kila mtu anataka mazulia yake yafuliwe, basi pandisha bila haya. Na msichana mwenye mgongo mzima hulipwa zaidi ya mama mwenye magoti mabovu, ingawa mama ndiye anayeijua kazi. Hilo linaniudhi mpaka leo.

Mahjuba aliisoma bei ya kila nyumba. Akiambiwa kiasi tu, alijua anakwenda kukutana na nini. Nyumba moja ndiyo iliyomshinda. Ilikuwa ya Lalla Nezha, yaani Bibi Nezha, mjane mwenye kujiweza, mtaa wa juu kwenye michungwa. Chini ya nyumba alikuwa na hamamu, bafu kubwa la mvuke lenye marumaru nyeupe, ambalo aliwakodisha mabibi harusi. Kazi yenyewe ilikuwa kusugua hamamu ile nusu siku tu. Malipo, dirham mia tatu.

Mia tatu kwa nusu siku! Na bado watu walikuwa wanakwepa. Waliokwenda hawakurudi Maukafu. Mmoja alirejea kwao mlimani anakohoa, mwingine alikataa katakata kusimulia. Wenzao wakasema hamamu ile ina wenyewe, yaani majini. Lalla Nezha hakukana. Ndiye aliyekuwa wa kwanza kuyataja.

"Usiende," Yamna alimwambia. Yamna alikuwa shoga yake wa miaka mingi, ndoo zao zilikaa bega kwa bega. "Nyumba ile ina wenyewe, Mahjuba."

"Na mimi nina shida zangu mwenyewe. Tutakutana huko, tutajuana."

"Unafanya mzaha na watu wasioonekana?"

"Wasioonekana afadhali. Wanaoonekana ndio wananitesa. Unamjua mama mkwe wa Ghizlan?"

Yamna alimjua, nani asiyemjua? Ghizlan, binti pekee wa Mahjuba, alikuwa amejifungua kwa mumewe, mji wa Khemisset, na siku ya saba ya mtoto ilikuwa inakaribia. Upande wa mume walishanunua kondoo wa akika. Upande wa mke ulikuwa Mahjuba peke yake.

"Nikifika na sukari na majani ya chai, yule mwanamke atanitangaza mji mzima," Mahjuba alisema. "Mwanangu atakaa kwenye nyumba ile ameinamisha kichwa miaka yote. Sikubali."

Kwa hiyo gari jeupe la Lalla Nezha liliposimama, Mahjuba aliinuka.

"Mia tatu?" aliuliza.

"Mia tatu, mama. Na hakuna ila heri."

Neno hilo matajiri wa pale wanalitumia sana. Hakuna ila heri maana yake usiulize zaidi. Mahjuba alilijua vizuri, na kila siku aliwaonya wenzake wasilikubali mahali pa jibu. Siku ile alilikubali. Alishika chumvi ya mawe aliyoitia mfukoni kwa ajili ya hao wenyewe, akapanda.

Hamamu ilikuwa na mlango mmoja wa chuma na haikuwa na dirisha. Ubani ulikuwa unafuka kwenye chetezo mpaka macho yanawasha, na sakafuni palinyunyizwa maji ya maua ya michungwa. Lalla Nezha alisimama kizingitini, ushungi ameuvuta mpaka puani. Hakuingia hata hatua. Alionyesha madumu mawili yaliyobanduliwa karatasi zake za jina.

"Hili limwage kwanza sakafu nzima. Halafu hili lingine juu yake, upesi, kisha usugue. Ni dawa yangu mwenyewe. Mlango nitaufunga, harufu isipande juu."

"Niuache wazi kidogo, Lalla. Nina kifua."

"Kifua kikibana usishtuke. Ni wao hao. Soma dua, uendelee na kazi, watakuzoea."

Komeo likalia. Mahjuba alivua jalaba, akavaa gauni la kazi, akamwaga dumu la kwanza. Hilo alilitambua, ilikuwa javeli, ile ya kung'arishia nguo nyeupe. La pili hakuweza kulinusa kwa ule ubani. Akalimwaga.

Sakafu ikachemka. Wallahi, ikachemka bila moto, povu likapanda, na kitu kikamshika koo kama mkono wa mtu. Machozi yakamtoka. Na jambo la kwanza lililomjia, maskini, lilikuwa kwamba hakutaja jina la Mungu kabla ya kumwaga. Kule mtu hamwagi hata maji ya moto kwenye bomba la uchafu bila Bismillahi, asije akawaunguza majini walioko chini. Naye alikuwa amewamwagia madumu mawili!

Badala ya kukimbilia mlango, alipiga magoti. Akatawanya chumvi. "Samahanini, wenyewe," alisema, "samahanini, sikuwaona, mimi ni mama mtu mzima, ninatafuta riziki tu." Kila neno lilimkata. Akainama zaidi, uso karibu na marumaru, kwa adabu, na pale chini ndipo hewa ilipokuwa mbaya kupita kote. Alihisi kifua kinaungua kwa ndani. Akazidi kuomba radhi.

Alipoona haponi, alijikokota mpaka mlangoni akagonga.

"Soma, mama!" sauti ya Lalla Nezha ilikuwa hapo hapo nyuma ya chuma. "Watatulia!"

Mahjuba alitaka kusema hawatulii. Sauti haikutoka. Hapo ndipo alipoogopa kweli kweli, akili ikamruka. Akashika ndoo akaupiga mlango kwa nguvu zote, akapiga na kupiga, mpaka komeo likavutwa.

Alianguka ukumbini akihema. Alipofumbua macho aliona kijimeza kando ya mlango, na juu yake bilauri ya maziwa. Yalikuwa yamechemshwa na kupoa, yameshafanya utando juu. Yaliwekwa pale kitambo.

"Kunywa, kunywa," Lalla Nezha alimwambia kwa upole. "Yatakusaidia."

Mahjuba aliyatazama. Kila mwanamke wa Maukafu akilewa harufu ya javeli hunywa maziwa. Maziwa ni dawa ya sumu. Mtu aliyekamatwa na majini hasomewi kwa maziwa! Na mwanamke huyu aliyachemsha mapema, akayaweka tayari mlangoni, kisha akafunga komeo. Alijua. Alijua madumu yale yakichanganyika ni sumu, na alijua tangu yule aliyerudi mlimani na wote waliotangulia. Mia tatu haikuwa bei ya kusugua. Kwa hasira Mahjuba akafungua kinywa amtukane tusi ambalo hajawahi kumtukana mtu, na kilichotoka kilikuwa mluzi mwembamba.

Lalla Nezha alimtia noti mkononi, zote, hakupunguza hata moja. "Hakuna ila heri," alisema.

Siku ya saba ya mjukuu Mahjuba alifika Khemisset na kondoo wake mwenyewe. Mama mkwe alimpokea kamba ya kondoo kwa mikono miwili. Lakini mtoto alipotajwa jina na wanawake wakapiga vigelegele, wote walimgeukia bibi mzaa mama, maana sauti yake ilikuwa inajulikana mpaka huko. Mahjuba alipanua kinywa. Ghizlan alisubiri, kisha akainamia mtoto ili asimwaibishe mama yake.

Alirudi Maukafu. Angekwenda wapi? Wenzake walimzunguka kwa pole, na bei ya siku ikawa imeshaporomoka, kila mmoja anajitetea kivyake.

"Wamemchukua sauti," Yamna aliwaambia, machozi yanamlenga. "Nilimwambia."

Mahjuba alitikisa kichwa. Akamvuta Yamna shingoni, akamsogezea mdomo sikioni, akasukuma pumzi yote aliyokuwa nayo. "Maziwa."

"Anataka maziwa! Masikini shoga yangu. Ngoja." Yamna alikimbia kwenye duka la ng'ambo, akarudi na bilauri imejaa, akamshikisha kwa mikono miwili kama mtoto. "Kunywa, mpenzi. Kunywa polepole."

Mahjuba alitikisa kichwa tena, akaonyesha kifua, akaonyesha njia ya mtaa wa juu, akafanya kama anamwaga kitu. Wanawake walitazamana.

"Anaonyesha walivyomkaba," mmoja alisema.

"Astaghfirullah. Mwacheni apumzike."

Gari jeupe likasimama. Kioo kikashuka.

"Mia tatu na hamsini," Lalla Nezha alisema. Hakumtazama Mahjuba. "Najua mmesikia mambo. Ndiyo maana nimeongeza. Na hakuna ila heri."

Kisha Siham akaokota mfuko wake. Alikuwa msichana wa miaka ishirini na miwili, mpya pale Maukafu, mgongo mzima, ameachwa na mume, ana watoto wawili wa kulea. Mahjuba alimrukia. Maziwa yakamwagikia jalaba. Alimshika mkono, akakwamisha mwili wake mlangoni mwa gari, akamtazama usoni na midomo inakwenda, inakwenda, na hakuna kinachotoka ila ule mluzi.

Siham alijaribu kujitoa kwa heshima. Aliposhindwa, uso ukambadilika.

"Mama Mahjuba, wewe umeshapata yako," alisema. "Mjukuu wako umemchinjia. Niache na mimi nipate."

Akambandua vidole, kimoja kimoja, kwa upole tu, akaingia na kufunga mlango. Gari likapanda kuelekea kwenye michungwa. Yamna alimshika shoga yake mabega akamrudisha kwenye ndoo, akamkalisha. Nyuma yao wenzake walikuwa wameshaanza kubishana ni nani atakayekwenda siku bei ikifika mia nne.