Afande Hajui Kiswahili

Kumekucha kidogo tu Kibondo, ukungu bado umelala migombani, na Epifania Nizigiyimana amechuchumaa nyuma ya choo akimbembeleza mbwa akojoe.

"Hanze, Afande. Hanze," anasema. Ni neno la Kirundi cha nyumbani kwao, maana yake nje. Mtoto wa mbwa ananusa kitambaa kilicholowa mkojo wake wa jana, anatikisa mkia, kisha anakaa. Epifania anatazama barabarani. Muda wa kazi umefika na Afande hajatoa hata tone.

Epifania ni mfanya usafi katika gesti moja karibu na stendi. Kutwa nzima anafua mashuka na kupiga deki vyumba vya watu, na jioni anarudi kudeki chake. Mumewe, Kipriani, ni utingo wa lori la mahindi. Wiki ikipita hajaonekana, si ajabu. Ndiye aliyemleta mbwa huyu kutoka Makere, baada ya wezi kukata wavu wa dirisha mchana kweupe na kuondoka na godoro na cherehani.

Mlinzi akapatikana. Tatizo, mlinzi anakojoa chumbani, na mkojo unapita chini ya mlango hadi kibarazani, pale ambapo mwenye nyumba, Bi Adija, hutandika mkeka wake wa kuswalia.

"Mwanzoni tulimpiga," anasema Epifania. "Watu walituambia tumsugue pua kwenye uchafu wake. Akaanza kujificha uvunguni, anakojolea huko huko. Bwana mifugo alinicheka. Akasema mtoto kama huyu hawezi kujibana kutwa, apate mtu wa kumfungulia mchana, na kitambaa chake kikae pale ninapotaka aende."

Mtu wa kumfungulia ndiye hakuwepo. Tangu wizi ule, Epifania huzifunga funguo zote mbili za kufuli jipya kwenye pindo la kitenge na hampi mtu. Mchana alikuwa akikimbia nyumbani mwenyewe, kisha anarudi gesti jasho likimtiririka.

Juzi Bi Adija alimwita. "Mwanangu, sina ugomvi na wewe. Ila hapa tunaswali. Kibaraza changu kikilowa tena, tafuta chumba kwingine."

Na leo gesti inapokea wageni wa harusi. Mchana hakuna kutoka. Epifania anafungua fundo la kitenge, anatoa ufunguo mmoja na kugonga mlango wa Bi Adija.

"Mama, nisaidie. Umfungulie tu."

"Mimi na mbwa wapi na wapi?" Bi Adija anauangalia ufunguo. "Weka hapo dirishani. Sijaahidi."

Siku nzima Epifania hana raha. Anatandika shuka kinyume, analitandua, analitandika tena vilevile. Kila mwenye nyumba anayemfahamu mjini hataki mbwa. Na kumrudisha Afande Makere ni kuwaachia wezi chumba.

"Moyo ulinidunda utafikiri nimeiba mimi," anasema.

Jioni anaingia uani akitazama chini. Kibaraza ni kikavu. Afande amelala kwenye migomba, na Bi Adija amekaa mbali naye, ufagio mkononi kwa tahadhari.

"Nilidhani mbwa wako ni kiziwi," anasema Bi Adija. "Nimefungua, nikamwambia toka. Nikamwambia nje. Ananitazama tu. Mpaka nikakumbuka lile neno unalolipigia kelele nyuma ya ukuta wangu kila alfajiri. Nikasema hanze. Huyo, mbio hadi kwenye kitambaa chake."

Epifania anacheka, mara machozi yanamtoka. Ananyoosha mkono kuchukua ufunguo.

"Huu uache kwangu," anasema Bi Adija, akiufunga kwenye ncha ya mtandio wake. "Ila mfundishe Kiswahili. Siwezi kupiga kelele za Kirundi mbele ya wageni wangu."

Ndiyo mipango ya Epifania kwa sasa: Afande ajue neno "nje" kabla Bi Adija hajachoka, na Kipriani akirudi azibe ule mwanya chini ya mlango.

"Hofu haijaniisha," anasema. "Nikirudi kutoka kazini, macho yanaanzia kibarazani. Lakini ufunguo sijaudai."