Programu ya Kupaka Chokaa

Mama yangu alizikwa akiwa dereva wa trekta. Kosa ni langu, na nililifanya nikiwa nimekaa, kama ninavyofanya mambo yangu mengi.

Hapa Old Moshi mimi ndiye kitindamimba niliyebaki kihambani, shamba la ukoo, na migomba ya wazee, wengine wakaenda kutafuta maisha. Nina kidato cha nne, laptopu ya mtumba, na programu ya kuhariri PDF iliyozeeka kuliko ng'ombe wetu. Jirani akifiwa ananiletea picha na wasifu, namtengenezea ratiba ya mazishi. Huwa sianzi upya. Nachukua ratiba ya marehemu aliyetangulia, naweka kiboksi cheupe juu ya maneno yake, kisha naandika ya huyu mpya hapohapo. Kwenye kioo changu inapendeza.

Alipofariki mama nilifanya hivyohivyo. Aliyemtangulia alikuwa mzee mstaafu wa kiwanda cha sukari. Steshenari ya mjini, yenye kompyuta za kisasa, ikachapa maneno yote, ya zamani na mapya, bila viboksi. Sikukagua. Nilibeba zile karatasi kama nimebeba mchele. Basi kaburini mpwa wangu akasoma wasifu kwa sauti yake ya kwaya, hadi pale maneno yalipopandana: marehemu aliendesha trekta kwa uaminifu na ameacha mjane. Mama hakuwahi kupanda hata baiskeli. Mchungaji akakohoa. Mimi nilitazama karatasi nikawaza kwamba wino umetoka vizuri, mweusi. Sikuwaza kingine.

Sasa Jumamosi ni ibada ya shukrani na kuweka msalaba. Kaka zangu walitaka ratiba aitengeneze mtu wa Dar. Nikasema hapana, ni ya mama, naifanya mimi. Wakanyamaza. Nikikosea tena, sidhani kama watanyamaza.

Nikaenda kwa fundi wa kompyuta mjini. Aliicheka programu yangu kabla hajavuta kiti.

"Braza, hii haifuti. Inapaka chokaa tu. Weka toleo jipya."

"Litaingia kwenye mashine hii?"

"Litaingia, ila litatembea kama bibi harusi. Na utalipia kila mwezi, kama king'amuzi."

"Lenyewe linafuta?"

"Linafuta kabisa. Halibaki kitu."

Nikamwambia nitafikiria. Tangu hapo nafikiria. Nakaa mezani, kioo kinaniuliza kama nisakinishe toleo jipya, nakitazama hadi kinajizima chenyewe, nakiwasha tena. Tofauti za matoleo hayo mawili naweza kukueleza vizuri kuliko mahubiri ya Jumapili. Nikibaki na la zamani, lazima nifungue ratiba ya mama na kumfunika kwa viboksi. Nikichukua jipya, naanza na ukurasa mtupu, na neno la kwanza la kuandika ni Marehemu. Kwa hiyo nalinganisha. Sijalia bado. Watu wanadhani nina moyo mgumu, kumbe nina shughuli.

Jana akaja jirani yetu wa ng'ambo ya mfereji, aliyekata majani ya ng'ombe pamoja na mama miaka yote. Alileta mtori wa ndizi kwenye hotipoti.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Umekula?"

"Nitakula. Naamua kwanza kama nibadilishe programu."

"Juzi si ulikuwa unaamua?"

"Juzi nilikuwa nalinganisha."

"Na kesho?"

"Kesho naweza kumuuliza fundi mwingine."

Akavuta kiti ambacho mama alizoea kukalia akimenya ndizi, akakaa bila kuuliza. Akanyoosha mkono, akaifunga laptopu kama anayefunika sufuria, akaweka hotipoti juu yake. Halafu akanitazama na kusema:

"Badilisha au usibadilishe, mama yako amekufa. Kula, halafu uandike."